Namna ya kuanzisha shamba darasa la mtama, na jinsi ya kupima ploti zisikudanganye

Msimu uliopita nilikuwa na kikundi cha akina mama 22 na wanaume 5 katika kijiji kimoja cha Dodoma. Tulianzisha shamba darasa pamoja, kuanzia kamba na vigingi mpaka mizani. Tulipomaliza waliniomba niandike tulivyofanya, ili wenzao wa kata jirani wasianze gizani. Nimeandika kwa ajili ya ukanda mkavu wa kati, yaani Dodoma na Singida, ambako mvua ni ya msimu mmoja. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, hukoma Aprili, na katikati yake, hasa Februari, jua huweza kuwaka wiki mbili tatu bila tone. Ukiwa Kagera au Mbeya badilisha zao na kalenda, lakini hatua ya 3 ifuate ilivyo.

Kwanza tuelewane. Kwenye shamba la mfano mtaalamu hulima, wengine huja kutazama. Kwenye shamba darasa wakulima wenyewe hulima njia mbili bega kwa bega, huzitazama kila wiki, hupima, halafu huamua. Njia hii ilizaliwa Indonesia mwaka 1989 kwenye majaruba ya mpunga, FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ikiwa mshirika. Wakulima wa huko walikuwa wakipulizia dawa sana, na mdudu wao akazidi kuongezeka kwa sababu dawa ilikuwa ikiua pia buibui na wadudu wengine waliokuwa wakimla. Hotuba hazikuwabadilisha. Walibadilika walipohesabu wadudu kwa macho yao.

Hatua ya 1: Kikundi

Watu 25 hadi 30 wanaolima kweli, siku moja kwa wiki, asubuhi. Afisa mtendaji na afisa ugani wajue. Kalamu ishikwe na mama anayejua kuandika, na daftari likae kwake.

Hatua ya 2: Swali moja

Kikundi kichague swali, na liwe moja tu. Wetu waliuliza: je, mashimo ya Chololo yanazidi kuberega? Kuberega, kwa msiotoka huku, ni kukwangua majani juu juu, kuyakusanya na kuyachoma, kisha kupanda bila kutifua ardhi. Kazi yake ni nyepesi na watu wameizoea, lakini mvua ikinyesha kwa nguvu maji hupita juu ya ardhi ngumu na kwenda zake korongoni.

Mashimo ya Chololo yamechukua jina la kijiji cha Chololo, hapa hapa Dodoma. Kipenyo ni sentimita 22 hivi, kina sentimita 30, shimo hadi shimo sentimita 60, mstari hadi mstari sentimita 90. Chimbeni wakati wa kiangazi, Agosti hadi Oktoba, kabla watu hawajatawanyika kwenye mashamba yao. Udongo unaotoka uwekeni upande wa bondeni ukinge maji. Tieni konzi mbili za samadi iliyooza, rudishieni udongo wa juu kidogo, na shimo libaki na bonde la kukusanya maji. Ploti ya mita 10 kwa 10 huchukua mashimo kama 185. Eka nzima ni kama 7,500, kwa hiyo usimshawishi mtu achimbe eka nzima mwaka wa kwanza. Atachoka, na atamwambia jirani kwamba mashimo ni adhabu.

Hatua ya 3: Kupima na kupanga ploti

Hapa ndipo nilipopoteza msimu mzima.

Shamba darasa langu la kwanza nilipima ploti mbili tu, moja ya mashimo, moja ya kuberega, kwenye eneo tulilopewa na kijiji. Kwa macho lilikuwa shamba moja tambarare. Ilipofika Machi, mtama wa kuberega ulikuwa umefika mabegani, majani ya kijani kilichokolea, na wa mashimo umenyong'onyea kiunoni. Siku ya wakulima walikuja watu zaidi ya mia. Mzee mmoja akatazama huku na huku, akaniambia mbele ya wote, "Mwanangu, umewachimbisha watu bure." Sikuwa na jibu.

Watu walipoondoka, bibi mmoja alibaki ameegemea fimbo pembeni ya ile ploti nzuri. Nikamwamkia. Akaniambia, "Hapo palikuwa na tembe letu, na zizi la ng'ombe lilikuwa pale pale unapoona mtama umestawi. Tulihamishwa wakati wa Operesheni Dodoma." Operesheni hiyo ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Samadi ya ng'ombe wao bado ilikuwa inalisha mtama, zaidi ya miaka 40 baadaye. Nikainama nikachimbua kwa kidole: udongo mweusi, laini, na ndani yake vigae vidogo vya chungu. Hatua ishirini pembeni, kwenye mashimo yetu, udongo ulikuwa mwekundu na mgumu. Nilikuwa nimelinganisha zizi na kilima, na kijiji kizima kikaondoka na jibu la uongo. Ilichukua misimu miwili watu wa pale kukubali kunisikiliza tena.

Kwa hiyo, kabla hujakata hata kijiti kimoja, tembea shamba lote na mzee au bibi aliyekulia hapo. Muulize palikuwa na nini: nyumba, zizi, njia ya ng'ombe, mahali pa kuchomea mkaa. Uliza pia kila kipande kililimwa nini misimu mitatu iliyopita, maana palipokuwa na kunde au njugumawe pana rutuba ambayo jirani yake hana. Angalia vichuguu na hata palipokuwa na kichuguu kilichosawazishwa, kwa kuwa udongo wake ni tofauti. Kaa mbali na mbuyu au mkwaju. Kivuli unakiona, lakini mizizi inayokunywa maji huioni. Chimbua kila baada ya hatua kumi, weka udongo kiganjani, linganisha rangi. Inachosha, na itakula asubuhi yenu nzima, lakini fanyeni.

Pili, msiwe na ploti mbili. Muwe na sita: tatu za mashimo, tatu za kuberega, zikiwa jozi jozi. Hata mkikosea mahali pamoja, jozi mbili zilizobaki zitasema kweli. Ploti sita za mita 10 kwa 10, na njia za mita moja katikati, zinaingia kwenye robo eka na nafasi inabaki.

Tatu, mteremko. Pangeni ploti kwa kukata mteremko, zote ziwe usawa mmoja, kamwe moja isiwe juu ya nyingine. Ya chini itakunywa maji yaliyotoka ya juu, nanyi mtadhani ni sifa ya njia iliyolimwa hapo. Upande wa juu wa ploti zote chimbeni mfereji na mfanye tuta la udongo, maji ya mashamba ya juu yapite kando. Kati ya ploti na ploti pia wekeni tuta dogo.

Nne, pembe. Mimi situmii futi ya chuma, kwa sababu inakunjamana, inapotea, na mkulima hana ya kwake nyumbani. Natumia kamba ya katani ya mita 12 yenye mafundo mawili, moja kwenye mita 3 na lingine kwenye mita 7. Unganisheni ncha, watu watatu washike penye muungano na penye mafundo, wavute mpaka kamba ikaze. Kwenye fundo la mita 3 mtapata pembe mraba kamili, nyuzi 90. Katani isilowe kabla ya kupima, maana hubadilika urefu. Kamba ya nailoni inavutika mno, nimeikataa.

Tano, kura. Katika kila jozi, ipi iwe ya mashimo na ipi ya kuberega isiamuliwe na mtu. Wekeni punje mbili kwenye kofia, moja ya mtama na moja ya kunde, mtoto achomoe. Nimeona kiongozi wa kikundi akiipa njia anayoipenda udongo mzuri, wala hakuwa na nia mbaya. Mkono ulimwelekeza tu.

Sita, na hapa ndipo vikundi vingi huteleza hata baada ya kufanya yote hayo: kila kitu kingine kiwe sawa. Mbegu iwe moja, kutoka mfuko mmoja. Ipandwe siku moja. Palizi siku moja. Na samadi je? Ukitia samadi kwenye mashimo na kuberega ukaiacha tupu, utakachopima ni samadi. Sisi tulitia ndoo 6 za lita 20 kwenye kila ploti. Kwenye mashimo iliingia shimoni, kwenye kuberega ilitawanywa juu. Akina mama wawili walipinga, wakasema nani anamwaga samadi kwenye kuberega? Tukakubaliana kuongeza ploti ya saba pembeni, kuberega bila samadi, ili nayo wajionee. Kama ng'ombe hampati, acheni samadi kote kote.

Hata kuamia ndege kuwe sawa. Kwelea kwelea wakija, vijana wenye makombeo hukaa karibu na njia, na ploti ya mwisho ndiyo inayoliwa. Vijana hao wazunguke ploti zote kwa zamu.

Hatua ya 4: Kupanda

Mvua ya kwanza ya kulowesha, pandeni. Tulitumia Macia, mtama mweupe, mfupi, unaowahi. Shamba likiwa na kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mtama, tafuteni mbegu ya Hakika au Wahi.

Hatua ya 5: Kila wiki

Gawanyikeni watu watano watano. Kila kundi lichukue mimea 10 kwenye ploti yake kwa kukata kona hadi kona, lipime urefu, lihesabu majani, lifunue moyo wa mmea kutafuta viwavijeshi vamizi na funza wa mabua, na lihesabu pia buibui, sungusungu na vidudu kobe wanaowala hao wengine. Kisha wachore mmea wote kwenye bango kitita: wadudu wabaya kushoto, marafiki kulia, jua au mawingu juu, udongo chini. Wasipige picha kwa simu. Aliyechora funza amemtazama mpaka miguu yake. Aliyepiga picha hajamtazama.

Wiki moja ya Februari, saa tano asubuhi, baada ya siku 16 bila mvua, majani ya kuberega yalikuwa yamejikunja kama misokoto ya tumbaku. Ya mashimo yalikuwa wazi. Mama mmoja alipiga magoti akasukuma kidole shimoni, akakitoa kikiwa na udongo umegandia, akawaonyesha wenzake mmoja mmoja bila kusema kitu. Mwezeshaji, wakati kama huo nyamaza. Uliza swali moja tu: "Mnaona nini?"

Hatua ya 6: Mizani

Debe nimelikataa. Kila mmoja ana namna yake ya kulijaza, na sote tunaijua lumbesa. Tafuteni mizani ya kuning'iniza, muitumie hiyo hiyo kwa ploti zote.

Msivune ploti nzima kwa kupima. Mistari ya pembeni hupata jua na nafasi zaidi. Pimeni katikati mita 8 kwa 5. Hizo ni mita za mraba 40, karibu sawa na sehemu moja ya mia ya eka, kwa hiyo kilo mtakazopata zidisheni kwa 100. Kilo 6 ni kilo 600 kwa eka, yaani magunia 6 ya kilo mia. Kila mkulima anaelewa hapo hapo. Anikeni kwanza, pureni, pepeteni, ndipo mpime, na anayesoma mizani awe mwanakikundi asiyependelea njia yoyote. Andikeni ploti zote sita, hata iliyowaudhi.

Hatua ya 7: Chungu, ghala na mbegu

Mbegu inayozaa sana lakini hailiki itauzwa yote, na nyumba itarudi kununua unga wa mahindi. Ndiyo maana Juni tulipika ugali wa Macia na wa mbegu nyingine za mtama kwenye masufuria yasiyo na jina, kwa mlenda ule ule, kila mtu akaweka punje mbele ya sufuria aliyoipenda. Fanyeni hivyo kabla ya kuamua mtapanda nini mwakani.

Chakula cha akiba kikae kwenye mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Kamueni hewa yote, fungeni kila tabaka peke yake. Fukusi hukosa hewa humo bila dawa yoyote.

Mbegu ichagulieni shambani, mtama ungali umesimama, masuke bora ya mimea ya katikati. Mtama hujichavusha wenyewe kwa sehemu kubwa, kwa hiyo mbegu yake hudumu. Uwele huchavushwa kwa upepo. Ukiwa karibu na uwele wa jirani, mbegu yako itachanganyika. Kugawana ndani ya kikundi anzeni mara moja: kwetu anayekopa kilo 1 hurudisha 2. Mkitaka kuuza, nendeni kwa afisa ugani awaelekeze utaratibu wa TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, kuhusu mbegu za kuazimiwa ubora, kwa sababu ukaguzi huanzia shambani na ukichelewa umekosa msimu.

Kabla ya kufunga mbegu, tieni punje kiasi na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, fungeni, tikiseni, subirini dakika 15. Chumvi ikiganda ukutani mbegu bado ina maji, irudi juani. Isipoganda, anikeni siku mbili zaidi kwa usalama, kisha fungeni.

Oktoba hesabuni punje 100, zitandazeni kwenye kipande cha kanga kilicholoweshwa, kikunjeni, kinyunyizieni maji kila siku. Siku ya saba fungueni mhesabu zilizoota. Zikiwa 80 na zaidi, pandeni kama kawaida. Kati ya 60 na 80, ongezeni punje kwenye kila shimo. Chini ya 60, sageni uji, mkaombe mbegu kwa mwanakikundi ambaye yake imeota.