Somo: Namna ya kusoma picha kwenye dinari ya Kirumi

Habari zenu wapendwa. Wengi wakiona dinari huanza na bei. Anzeni na picha. Tutasoma ya Gaius Mamilius Limetanus, ofisa aliyesimamia ufuaji wa sarafu Roma mwaka 82 KK. Naipenda kuliko zote.

Hatua ya 1: Ishike ukingoni. Ni fedha, karibu gramu 4. Ukingo una meno kama msumeno. Usidhani imeharibika, ilikatwa hivyo makusudi.

Hatua ya 2: Upande wa kichwa, tazama kilichovaliwa, maana sura za miungu hufanana. Kofia yenye mabawa ni ya Mercury, mjumbe wa miungu. Ngozi ya simba ingekuwa ya shujaa Hercules.

Hatua ya 3: Geuza, na hapa usiharakishe. Mwanamume mwenye fimbo na kofia ya msafiri anamnyooshea mkono mbwa. Ni Ulysses, shujaa wa hadithi za Kigiriki, amerudi kwao kisiwa cha Ithaca baada ya miaka 20, kajigeuza ombaomba. Watu hawakumjua, mbwa wake Argos alimjua. Katika hadithi, Argos amelala kwenye samadi, hana nguvu ya kumfuata bwana wake, anatikisa mkia tu kisha anakufa. Mchongaji amemsimamisha, kichwa juu, karibu auguse ule mkono. Kila nikiitazama nasimama hapo.

Hatua ya 4: Soma jina, C·MAMIL na LIMETAN. Ukoo wa Mamilius ulidai kutokana na Telegonus, mwana wa Ulysses na mchawi Circe, anayesemwa aliujenga mji wa Tusculum karibu na Roma. Naye Mercury ni babu wa mama yake Ulysses. Kwa hiyo pande zote mbili ni nasaba moja, na kila aliyelipwa sarafu hii alikabidhiwa madai hayo mkononi.

MASWALI

Mwalimu, ndiyo dinari ya wale vibarua wa shamba la mizabibu kwenye Biblia?
Ndiyo, aina ni hiyo hiyo. Ila zama za Yesu ilikuwa na kichwa cha Kaisari.

Yangu ina doa jekundu pale fedha ilipobanduka.
Pole, ndugu. Hiyo ni shaba iliyovikwa fedha. Warumi wenyewe walighushi hivyo, hata zenye meno. Usiitupe, huenda ni ya kale kweli.

Naweza kuisugua kwa dawa ya meno ing'ae?
Hapana, dada, tafadhali. Utamfuta mbwa.