Kuonja mvinyo klabuni msimu wa baridi ya Mbeya

Kwa watu 12, chupa moja ya mililita 750 kwa kila aina inatosha: kila mmoja anapata mililita 50, na 150 zinabaki za kurudia. Msizidishe aina 5. Ya sita ikifika, ulimi umechoka na watu wanakunywa tu. Ili vipimo visipishane, vuta mililita 50 za maji kwa bomba la sindano la duka la dawa, mimina kwenye glasi moja, tia alama usawa wa maji, kisha glasi nyingine zifuate hiyo.

Mvinyo uliosafirishwa kwa basi kutoka Dodoma upumzisheni siku 2, chupa zikiwa zimesimama, mashapo yatulie chini.

Kinachoharibu vikao vingi vya huku kwetu ni joto la mvinyo. Watu wameambiwa mwekundu unanyweka ukiwa na joto la chumbani, lakini chumba cha Mbeya au Makambako usiku wa Julai si chumba cha Dar es Salaam. Mwekundu unataka nyuzi 16 hadi 18. Ukipoa sana, harufu inajificha na ukakasi unapanda, ule wa chai ya rangi iliyokolea, unaokausha fizi na kubana mashavu. Mgeni atasema mvinyo ni mbovu, kumbe umepigwa na baridi tu. Simamisheni chupa kwenye ndoo ya maji ya vuguvugu, yale ya kumwogeshea mtoto, kwa dakika 5 hadi 10, mkipima. Msiisogeze kwenye jiko la mkaa: upande mmoja utachemka, na moshi utafuta harufu ya mvinyo chumba kizima. Mweupe unataka nyuzi 8 hadi 12. Ukilala kwenye friji usiku kucha, utoeni dakika 20 kabla.

Anzeni na mweupe mkavu, yaani usio na utamu, kisha mwekundu mwepesi, mwekundu mzito, na mtamu uwe wa mwisho. Mtamu ukitangulia, mkavu unaofuata utaonekana mchachu hata kama ni mzuri. Mnaoujua ulanzi, pombe ya mianzi, mnaelewa: aliyetoka kunywa mbichi mtamu hukunja uso akipewa mkangafu, ule uliochachuka na kukolea.

Kabla ya kumimina, katibu afungue kila chupa na kuinusa. Harufu ya boksi lililolowa au gunia lenye ukungu ni kizibo kilichoharibika. Kungoja hakuiponyi, wekeni chupa pembeni. Harufu ya siki ni hewa iliyoingia. Ila harufu ya kiberiti kilichowashwa mara nyingi huondoka glasi ikizungushwa, kwa hiyo msikimbilie kumwaga.

Mwonjaji ashike mguu wa glasi, atazame rangi juu ya karatasi nyeupe, anuse kabla ya kuzungusha, azungushe glasi ikiwa mezani, anuse tena. Avute funda dogo, alizungushe mdomoni sekunde 5 hivi, kisha ateme kwenye ndoo au ameze. Ndoo ya kutemea iwepo, na asiyeitumia asichekwe. Kila mtu aandike kwanza, kimya, dakika 3. Mwenyekiti na wazee waseme mwisho. Mkubwa akishatamka "huu mtamu", vijana wote watasema shikamoo kwa mvinyo huo. Ndiyo maana tunapenda chupa zivikwe karatasi za kaki zenye namba, msije mkaonja lebo.

Wakati wa kuonja, mkate mkavu na maji vinatosha. Manukato mazito yabaki nyumbani. Nyama choma na viazi vije baadaye, pilipili ikiwa kando, kwa sababu inafanya kilevi kiunguze koo. Hesabu ya bajaji za kurudi iingie kwenye mchango wenyewe, ili anayeendesha gari asilazimike kuonja na kuendesha.

Mabaki yafungeni vizuri, yakae kwenye friji siku zisizozidi 3. Yakichachuka, ni ya kulainishia nyama.