Kupanga siku ya matembezi ya mlimani kwa familia yenye watoto: hatua ninazofuata

Wiki iliyopita dada mmoja aliyeanza biashara ya kutembeza wageni milimani alinitumia ratiba ya familia ya kwanza ya wateja wake. Watu wazima wanne, watoto watano, mdogo kabisa ana miaka mitano. Ratiba ilipendeza, hata picha zilikuwamo. Kosa lilikuwa moja: muda wa kutembea aliunakili kama ulivyoandikwa kwenye kibao cha mwanzo wa njia. Tukakaa kwenye simu karibu masaa mawili tukiipangua. Nimeyaandika hapa niliyomwambia.

Hatua ya 1: Chagua njia

Chukua ya kwenda na kurudi palepale, si ya mzunguko. Kwenye mzunguko ukishavuka nusu, kugeuka hakukusaidii tena. Kisha itembee mwenyewe siku chache kabla ya safari, maana mvua moja kubwa inatosha kuondoka na kidaraja cha magogo.

Hatua ya 2: Fomu, tena ya karatasi

Fomu za simu zipo, nazijua. Mimi bado natumia karatasi: nakala moja inabaki ofisini, nyingine inakaa kwenye begi langu ndani ya mfuko usiopitisha maji. Huko juu mtandao hupotea na chaji huisha, tena siku ileile unayoihitaji.

Uliza umri na uzito wa kila mtoto, mzio, dawa anazotumia, na namba ya mtu aliyebaki nyumbani. Ongeza swali ambalo wengi hulisahau: mara ya mwisho mtoto huyu alitembea mfululizo kwa muda gani, na kwenye njia ya aina gani? Mzazi akiandika "ana nguvu sana, hatulii nyumbani", hajakujibu. Mpigie.

Saini ya mzazi si bima. Usome mkataba wako wa bima ya dhima, ile inayolipa mgeni akiumia mikononi mwako, uone kama watoto wamo, na kama shughuli yenyewe, iwe kamba, maji au baiskeli, imetajwa kwa jina.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya muda, na uweke saa ya kugeuka

Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo nitakaa.

Miaka yangu ya mwanzo nilichukua familia mbili kwenda kwenye maporomoko. Njia naijua kwa kufumba macho, na mimi mwenyewe niliimaliza asubuhi moja tu. Tulifika saa 9 alasiri. Giza likatukuta bado tuko msituni, watu tisa na tochi mbili. Baba mmoja alimbeba mwanawe mabegani huku tochi ameiuma kwa meno, na mtoto analia, si kwa woga, bali kwa sababu soksi zake zimelowa na hana nyingine. Hakuna aliyeumia. Ila mama yake hakusema neno lolote mpaka tulipofika kwenye gari, na ule ukimya naukumbuka kuliko giza.

Watembezi wengi huanzia kwenye kanuni ya William Naismith, mpanda milima wa Uskoti, ya mwaka 1892. Ukiigeuza kuwa vipimo vya leo, ni saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Ni kanuni ya mtu mzima mwenye afya, anayetembea bila kusimama. Hebu tuijaribu kwenye njia ya kilomita 4 kwenda na 4 kurudi, yenye kupanda mita 600.

Kupanda: dakika 48 za umbali na 60 za mwinuko, jumla saa 1 na dakika 48. Kushuka: dakika 48. Jumla kuu ni masaa 2 na dakika 36. Kile kibao cha yule dada kilisema vivyo hivyo, masaa mawili na nusu.

Sasa watie watoto. Mimi hufanya hivi:

Kupanda nazidisha mara mbili. Inakuwa masaa 3 na dakika 36.

Kushuka sitegemei kanuni kabisa. Naichukua theluthi mbili ya muda wa kupanda, yaani masaa 2 na dakika 24. Watu hudhani kushuka ni bwerere. Mtoto aliyechoka hujikwaa, magoti ya babu yake yanauma, na kila jiwe lenye utelezi linataka mkono wa mtu mzima.

Kisha mapumziko: dakika 10 kila baada ya dakika 45 za kutembea. Yako manne ya kupanda na matatu ya kushuka. Chakula dakika 45, na usiwadanganye wageni kwamba ni 20.

Jumla inakaribia masaa 8. Njia ni ileile ya "masaa mawili na nusu".

Hesabu hii bado haikutoshi, kwa sababu inakwambia mtafika lini iwapo kila kitu kitakwenda sawa. Kinachokulinda ni saa ya kugeuka, na hiyo huhesabiwa kinyumenyume. Tuseme jua linazama saa 12 jioni. Nataka wote wawe chini masaa mawili kabla, yaani saa 10. Kushuka pamoja na mapumziko ni kama masaa 3. Basi saa 7 mchana tunageuka, popote tulipo, hata kama maporomoko yanasikika.

Mkianza kutembea saa 2 asubuhi, kwa hesabu ileile mtafika juu kama saa 6 na robo, mtakula, na mkinyanyuka ni saa 7 kamili. Hamna hata dakika ya akiba. Na mnapopatana saa 2, mguu wa mwisho hutoka saa 2 na dakika 40: kuna anayetaka choo, kuna kofia iliyosahauliwa garini. Kwa hiyo mimi huwaambia wageni tunakutana saa 12 na nusu asubuhi, ili mguu wa mwisho uwe umetoka saa 1 na robo.

Tahadhari chache, kila moja niliilipia. Mtoto hatembei kwa mwendo mmoja: atakimbia dakika kumi, halafu achuchumae robo saa akitazama mdudu. Hesabu kwa mwendo wa huyo anayechuchumaa, si wa kaka yake wa miaka 12. Matope au joto kali yakizidi, ongeza tena. Mtoto anayebebwa mgongoni hapati joto la kutembea, wakati anayembeba anatoka jasho. Usimuulize mbebaji kama kuna baridi, mshike mtoto vidole.

Na kama safari ni ya kulala huko juu, zaidi ya mita 3,000 usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa siku, na weka siku ya kupumzika kila baada ya siku tatu au nne. Mtoto mdogo hatakwambia kichwa kinauma. Atakataa kula, atalialia, hatalala. Huko juu chukulia ni ugonjwa wa mwinuko mpaka upate sababu nyingine. Akizidiwa, shuka naye, usingoje asubuhi.

Hatua ya 4: Vifaa

Tochi ya kichwani kwa kila mtu, mtoto pia. Sitaki kusikia habari ya tochi ya simu.

Filimbi kwa kila mtoto, ile isiyo na punje ndani, maana punje hukwama ikilowa. Wafundishe ishara ya kuomba msaada kabla ya kuondoka: mipulizo sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Anayejibu hupuliza mara tatu. Waache wapige kelele hapo kwenye gari mpaka wachoke nayo.

Nguo za pamba acheni nyumbani, zikilowa hazikauki. Soksi za akiba jozi mbili. Viatu vilivyokwisha kuzoea mguu, hata kama ni raba, ni bora kuliko buti jipya la bei kali litakaloleta malengelenge. Begi la mtoto lisizidi sehemu ya kumi ya uzito wake: wa kilo 20 abebe kilo 2.

Hatua ya 5: Mpangilio wa mstari

Mbele wewe, nyuma kabisa mwenzako, na hakuna wa kuwapita nyinyi wawili. Mtembeaji wa polepole kuliko wote awe mara tu nyuma yako. Kila mnaposimama, hesabu vichwa mwenyewe. Usiwaachie wazazi: mama hudhani mtoto yuko na baba, na baba hudhani yuko na mama.

Hatua ya 6: Radi

Ukiona mwanga, anza kuhesabu. Ngurumo ikija kabla ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita kama 10. Ondokeni mgongoni mwa mlima na mbali na mti uliosimama peke yake, elekeeni kwenye jengo imara au gari la bodi ya chuma. Msitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Na hizo dakika 30 zinaila saa yako ya kugeuka, kwa hiyo rudia hesabu.

Hatua ya 7: Pesa

Andika kwenye makubaliano, kabla ya kupokea malipo ya awali, kwamba kiongozi akigeuza msafara kwa sababu ya muda, hali ya hewa au afya, siku hiyo imehesabiwa na pesa hairudi. Utaje hata muda wenyewe, "saa 7 mchana". Usipoandika, mteja aliyelipa atabishana nawe njiani mbele ya watoto, na wewe utaongeza nusu saa ili yaishe.

Hatua ya 8: Andika muda halisi

Jioni ileile, kabla ya kuoga. Mguu wa mwisho ulitoka saa ngapi, mlifika saa ngapi, mlisimama mara ngapi na kwa nini, umri wa mtoto mdogo kabisa. Mimi natumia daftari la kawaida lenye mistari. Baada ya safari kama kumi utaona kama "mara mbili" yangu inakufaa. Kwa watoto wa chini ya miaka sita, daftari langu siku hizi linasema mara mbili na nusu.