Ukishateuliwa msimamizi wa mirathi: ufanye nini, na mamlaka yako yanafika wapi

Nimetoka kumsindikiza shemeji yangu kwenye mirathi ya marehemu kaka, Mahakama ya Mwanzo, hapa Tanzania bara. Kabla yake nilisimamia ya baba. Watu wengi wakishapewa Fomu Na. IV, yaani barua ya mahakama ya kukuteua msimamizi, huona kazi imekwisha, kumbe hapo ndipo inapoanza.

1. Maombi. Cheti cha kifo kutoka RITA (wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo), muhtasari wa kikao cha familia, Fomu Na. I ya kuomba usimamizi. Karani atakuelekeza. Sheria inaruhusu msimamizi zaidi ya mmoja, na mimi napendelea wawili, mmoja upande wa mjane na mmoja upande wa ukoo. Maneno hupungua.

2. Majina. Tafadhali usiruke hapa. Kabla hujajaza fomu, toa kila karatasi ya marehemu uitandaze mezani: hati ya nyumba, kitabu cha benki, kadi ya gari, kitambulisho. Soma jina herufi kwa herufi. Cheti cha kifo cha kaka kiliandikwa kwa H, hati ya kiwanja kwa Kh, na jina la kati lilikuwa herufi moja tu yenye nukta. Sisi hatukuangalia. Tulifika kwa msajili wa hati na barua safi yenye muhuri, tukarudishwa, kwa sababu aliyetajwa kwenye barua si yule aliye kwenye hati. Tukarudi mahakamani kuomba marekebisho, tukatafuta mzee anayemfahamu marehemu tangu utotoni aape kiapo, na wiki tatu zikapita huku mpangaji wa nyumba hajui kodi ampe nani. Dawa yake ni kuandika majina yote ndani ya maombi, "ambaye pia alijulikana kama", ili barua itoke nayo yote. Kiapo pekee kinaweza kukubaliwa ofisi moja na kukataliwa nyingine. Barua yenye majina yote haina ubishi.

Ukiwa hapohapo omba nakala kadhaa zilizogongwa muhuri wa mahakama. Barua halisi usimwachie mtu.

3. Kukusanya. Sasa wewe ndiye unayesimama mahali pa marehemu. Unadai waliokopeshwa, unapokea kodi, unashtaki aliyevamia shamba, na anayeidai mirathi anakushtaki wewe. Mrithi mwingine, hata awe mkubwa wa ukoo, hana mamlaka hayo. Kila shilingi iandikwe kwenye kaunta buku, risiti ibandikwe pembeni. Simu siiamini kwa kazi hii.

4. Fomu Na. V. Orodha ya mali na madeni, ndani ya miezi 4 tangu uteuzi. Ukichelewa, omba muda kabla haujaisha.

5. Kulipa, kisha kugawa. Mazishi, madeni na gharama za usimamizi kwanza. Kwa mirathi ya Kiislamu wasia hufuata, usiozidi theluthi, ndipo warithi. Nauli yako ya mahakamani ni gharama halali ya mirathi. Ada ya shule ya mwanao siyo.

Ardhi iliyosajiliwa haihami kutoka kwa marehemu moja kwa moja. Kifungu cha 67 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi kinataka kwanza usajiliwe wewe, *kama msimamizi wa mirathi*, kisha ndipo uihamishie kwa mrithi au mnunuzi. Maneno hayo yawepo pia kwenye kila mkataba unaosaini. Yakikosekana, kesho mtu atasema nyumba ni yako, na watoto wako watairithi wakati si ya baba yao.

Kuuza unaweza. Hata hivyo mimi siuzi bila saini za warithi wote kwenye karatasi moja, mjane akiwa wa kwanza, nikiwa nimehakikisha amesomewa bei kwa sauti.

6. Fomu Na. VI. Hesabu: kilichoingia, kilichotoka, nani kapata nini. Warithi huitwa wasikilizwe, na asiye na pingamizi husaini. Usiondoke mahakamani mpaka uone jalada limeandikwa kuwa mirathi imefungwa. Likiwa wazi, mrithi anaweza kuomba uondolewe wakati wowote, hata kama ulishagawa kila kitu.