Unataka chopa ya kujengwa? Anza na makaratasi, rangi baadaye

Kwa mlioko Marekani mnaoota kumiliki chopa, ile pikipiki ya shokapu ndefu mbele na usukani wa juu, nawaomba sana msinunue kwa macho. Rangi na kromu ndo vitu rahisi kuliko vyote kwenye hizi mashine.

Kwanza taito, yaani karatasi ya umiliki. Chopa ya kujengwa fremu inaweza kuwa imetoka kampuni hii, injini kwingine, gia boksi kwingine kabisa, kwa hiyo namba zote inama uzisome mwenyewe ulinganishe na karatasi. Pikipiki za Harley-Davidson za kabla ya 1970 namba ya utambulisho (VIN) iko kwenye injini, kuanzia 1970 ndo ikaanza kugongwa kwenye injini na fremu pia, sasa ukikuta injini ya zamani sehemu ya namba imesagwa au imegongwa upya ondoka tu hata kama bei ni ya kutupa, maana ikija kuonekana ni ya wizi inachukuliwa na hela yako hairudi. Kama ilijengwa toka sifuri omba vyeti vya asili vya kiwandani vya fremu na injini pamoja na risiti za spea kubwa. Muuzaji akikwambia "karatasi utamalizia wewe ofisini" ujue yeye imemshinda.

Halafu shingo ya fremu, pale shokapu za mbele zinaposhikwa, hapa ndo naomba usiwe na haraka. Pikipiki nyingi za Harley shingo inalala kama digrii 30 hivi, chopa inalazwa mpaka 40 na zaidi. Chukua kamba, ifuate shingo yenyewe mpaka chini uweke alama, kisha shusha kamba nyingine wima kutoka ekseli ya mbele uweke alama ya pili, umbali kati ya alama mbili ukiwa inchi 4 mpaka 6 uko salama. Ukizidi sana usukani unakuwa mzito na unaangukia upande ukienda polepole, ukipungua sana ndo hatari yenyewe, mbele inaanza kutikisika ukiwa kwenye spidi na unaweza kufa. Angalia na welding hapo shingoni, tafuta ufa kwenye rangi, na ukiona bondo (ile pasta ya kuziba mabonde) nyingi uliza inaficha nini.

Injini mimi napendekeza Evolution ya Harley (ilianza 1984) au ya kampuni ya S&S, spea zipo kila mahali na mafundi wanazijua. Panhead na Shovelhead, injini za Harley za zamani zaidi, ni nzuri mno, sauti yake inakaa moyoni, ila zinataka mtu anayependa kushika spana. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, iguse uhakikishe ni ya baridi, ndo uone inawakaje.

Amua pia kama mgongo wako unakubali fremu isiyo na shokapu nyuma. Barabara nzuri raha tupu, kwenye mashimo kila kitu unakisikia kiunoni, na abiria wako atakisikia zaidi.

Leseni ya pikipiki usiikwepe, majimbo mengi ukipita kozi ya usalama wanakusamehe mtihani wa barabarani. Bima omba ile ya thamani mliyokubaliana, la sivyo ikiibiwa watakulipa kama pikipiki kuukuu. Na wale wanaosema haya ni mambo ya wazungu, zile chopa zilizotamba kwenye sinema ya Easy Rider mwaka 1969 zimetoka kwenye mikono ya watu weusi wa Los Angeles, Cliff Vaughs na Ben Hardy, kwa hiyo ingia bila kuomba ruhusa.

Ukishainunua jifunze kwanza kwenye uwanja mtupu, kugeuza na kufunga breki, maana haikunji kona kama pikipiki ya kawaida, inataka nafasi. Tenki ni dogo, mengi hayafiki galoni 3, kwa hiyo panga vituo vya mafuta kabla hujatoka. Mtetemo unalegeza nati, beba spana na gundi ya nati, kila ukisimama pitisha mkono kwenye ekzosti (ikipoa!), taa na namba ya nyuma. Na mwezi wa 8 kama una likizo nenda kwenye mkusanyiko wa pikipiki wa Sturgis, South Dakota, ukazione zikiwa pamoja na uongee na waliozijenga, wengi wanapenda sana kuulizwa.