Somo: Namna ya kuhakiki kisa cha historia kabla hujakituma kwenye grupu (mfano wetu ni Kilimanjaro)

Wapendwa, kile kisa cha Kilimanjaro kimerudi tena kwenye magrupu. Mnakijua: eti Malkia Victoria wa Uingereza alikuwa na milima miwili, Kenya na Kilimanjaro. Mjukuu wake, Kaisari Wilhelm wa Ujerumani, hakuwa na hata mmoja, akalalamika, bibi akamhurumia akampa Kilimanjaro zawadi ya siku ya kuzaliwa. Ndiyo maana mpaka wa Kenya na Tanzania umepinda.

Wanaokituma ni watu ninaowaheshimu, wakiwemo walimu wenzangu. Lakini kinaniuma, kwa sababu ndani yake hamna Mchaga hata mmoja wala Sultani wa Zanzibar. Mlima unabaki kuwa mchezo wa bibi na mjukuu. Tukipitishe hatua kwa hatua, ili kikija kingine mfanye wenyewe. Simu na daftari vinatosha.

Hatua ya 1: Kivunje vipande

Usikihakiki kisa kizima kwa mkupuo. Andika kila dai kwenye mstari wake. Hapa yapo manne: mpaka umepinda, mlima ulikuwa wa Malkia, aliyepewa ni Kaisari, ilikuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa.

Sasa fungua ramani yoyote. Mpaka unaanza pwani, kwenye mlango wa mto Umba, unapanda hadi Ziwa Jipe, unapita kati ya Taveta na Uchagani, unazunguka mlima upande wa kaskazini, kisha unanyooka moja kwa moja hadi Ziwa Victoria. Kwa hiyo dai la kwanza ni kweli. Liwekee alama ya vema. Uzushi unaodumu miaka mingi huwa na kipande cha kweli, na hicho ndicho kinachobeba vingine mgongoni.

Hatua ya 2: Tafuta miaka, uipange

Hii ndiyo hatua ninayoitegemea kuliko zote. Chora mstari kwenye daftari, upange tarehe.

Mpaka ule ulikubaliwa kati ya London na Berlin mwaka 1886, na makubaliano yalikamilika tarehe 1 Novemba. Wilhelm alizaliwa tarehe 27 Januari 1859 na akawa Kaisari Juni 1888. Ziweke tarehe hizo sambamba. Mpaka ulipokubaliwa, Wilhelm alikuwa mwana wa mfalme tu, mwenye miaka 27. Kaisari alikuwa babu yake mzaa baba, Wilhelm wa Kwanza, na mwenye kauli katika mambo ya nje alikuwa Kansela Bismarck. Siku ya kuzaliwa ni Januari, makubaliano ni Novemba. Madai mawili yameanguka kwa tarehe tatu peke yake.

Ujukuu ni wa kweli, mama yake Wilhelm alikuwa binti mkubwa wa Victoria. Lakini ujukuu si ushahidi wa zawadi.

Hatua ya 3: Uliza nani alikuwepo pale

Limebaki dai kwamba mlima ulikuwa wa Malkia. Mwaka 1886 Uingereza haikuwa na koloni katika nchi tunayoiita Kenya leo. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilipewa hati ya kifalme mwaka 1888, na serikali ya Uingereza ikatangaza himaya yake mwaka 1895. Malkia hakuwa na Kilimanjaro ya kumpa mtu.

Aliyekuwa anaidai ni Sultani Barghash wa Zanzibar. Mwaka 1885 alimtuma Jenerali Lloyd Mathews hadi Uchagani, na machifu kadhaa wakakubali bendera yake. Mwaka huohuo akafika Mjerumani Karl Jühlke, mtu wa kampuni ya Karl Peters, akawekeana mkataba na Mangi (yaani chifu wa Kichaga) Rindi wa Moshi, ambaye Wazungu wengi walimwandika kwa jina la Mandara. Rindi hakuwa mtazamaji. Alikuwa na ushindani mkali na Mangi Sina wa Kibosho, na kila mgeni aliyepanda mlimani alimpima kwa jicho la siasa za mlima wenyewe. Upande wa Taveta, Mwingereza Harry Johnston alikuwa amekwisha kukusanya mikataba yake tangu 1884.

Hapo ndipo kona ya mpaka inapoeleweka. Wajerumani walishikilia karatasi za Uchagani. Waingereza walishikilia Taveta, na walitaka Mombasa ibaki upande wao. Ikaundwa tume ya Waingereza, Wajerumani na Wafaransa, mjumbe wa Uingereza akiwa Kitchener, kuamua Sultani ana haki hadi wapi. Bara, Sultani akaachiwa ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10. Desemba 1886 Barghash akakubali, maana hakuwa na manowari za kukatalia.

Kisa hiki cha kweli nakiona kizito kuliko kile cha zawadi. Kina watu wetu ndani yake, na kinaonyesha walivyozungukwa.

Hatua ya 4: Angalia kilikotoka

Ujumbe wa WhatsApp ukija na vile vishale viwili juu yake, umeshapita mikono mingi. Tafuta jina la mwandishi na tarehe. Kama havipo, usikitume kama taarifa. Picha ikiwemo, ipitishe kwenye Google Lens uone ilianza kuonekana wapi.

Hatua ya 5: Sahihisha kwa kisa kilicho bora

Kuandika "uongo huo" halafu ukanyamaza hakusaidii. Watu walikipenda kisa, wape kingine. Mimi hutuma hivi, nakilini mkipenda:

"Ndugu zangu, mpaka umepinda kweli, ila si kwa zawadi. Ulikubaliwa 1886, Wilhelm akawa Kaisari 1888. Kona imetokana na mikataba: Wajerumani walikuwa nayo Uchagani kwa Mangi Rindi, Waingereza Taveta. Aliyepoteza ni Sultani Barghash na wenyeji wa mlima."

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Moshi: Shikamoo mwalimu. Mimi naongoza watalii, na kisa cha zawadi wanakipenda mno, wanacheka. Nikiacha nitasema nini?

Marahaba, mwanangu. Kisimulie, lakini kama kisa kinachosimuliwa, kisha uwape Rindi na Sina. Waonyeshe Kibosho iliko na Moshi iliko, waone jinsi majirani hao walivyokaribiana. Na mkifika kileleni waambie kwamba Hans Meyer, aliyefika pale Oktoba 1889, alikiita kilele kwa jina la Kaisari Wilhelm. Hiyo ni kweli kabisa, na huenda ikawa imekipa kisa cha zawadi nguvu.

Mwanachama, Mombasa: Mwalimu, na ile vita ya Zanzibar ya dakika 38 je? Wengine waandika 40, wengine 45. Ni chai?

Si chai. Vita ilikuwepo, tarehe 27 Agosti 1896. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25, Khalid bin Barghash akaingia kwenye kasri bila ridhaa ya konsuli wa Uingereza. Muda aliopewa kutoka uliisha saa 3 asubuhi, na dakika 2 baadaye mizinga ya manowari ikaanza. Dakika zinatofautiana kwa sababu kila mwandishi ana mahali pake pa kuhesabia mwisho, kama ni mizinga ilipokoma au bendera ilipoanguka. Nitakalokuomba ni usiitume kama kichekesho. Watu wapatao 500 wa upande wa kasri waliuawa au kujeruhiwa ndani ya muda huo, na upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, akapelekwa Dar es Salaam, Waingereza wakamkamata 1916 na kumhamishia ng'ambo. Alifia huko kwenu Mombasa, mwaka 1927.

Mwanachama, Dodoma: Nukuu za Mwalimu Nyerere kwenye picha, tutazijuaje?

Idai tarehe, mahali na hadhira. Yale maneno ya kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Kilimanjaro yana anwani kamili: aliyasema tarehe 22 Oktoba 1959, katika Baraza la Kutunga Sheria. Na yalitimizwa. Luteni Alexander Nyirenda alipandisha mwenge na bendera kileleni usiku wa uhuru, Desemba 1961. Nukuu isiyo na anwani, hata kama inakupendeza na inamsema vizuri kiongozi unayemuunga mkono, iache. Za wabunge wa sasa ni rahisi zaidi, maana Bunge la Tanzania na la Kenya yote huweka Hansard zao, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala, mtandaoni.

Mwanachama, Tanga: Aliyekituma ni mjomba wangu, na ni mkubwa wa ukoo. Namsahihishaje?

Usimsahihishe mbele ya ukoo. Mwandikie pembeni, anza na salamu, umwulize: "Mjomba, hiki ulikipata wapi? Nimeona tarehe hazikai sawa." Mwachie nafasi akirekebishe mwenyewe kwenye grupu. Akinyamaza, siku nyingine weka kisa cha Rindi bila kumtaja.

Mwanachama, Nairobi: Nikitaka kuona karatasi zenyewe?

Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zina majalada ya enzi ya Wajerumani. Zanzibar ziko Kilimani. Wewe nenda pale Moi Avenue, jengo la Nyaraka za Kitaifa la Kenya. Uliza utaratibu kwanza, ubebe kitambulisho.

Mwanachama, Bukavu: Mwalimu, wanasema Kongo ilikuwa mali ya mtu moja. Hiyo nayo ni uongo?

Hapana, hiyo ni kweli. Kuanzia 1885 Kongo ilikuwa milki binafsi ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, naye hakuwahi kuikanyaga. Novemba 1908 dola ya Ubelgiji ikaichukua kutoka kwake. Ukiituma, weka miaka yote miwili, kwa sababu wengi huandika kana kwamba ilikuwa yake hadi 1960.