Falsafa pembeni ya ualimu? Anza na mantiki

Mdogo wangu unayeingia chuo cha kanisa hapa Mtwara na unataka falsafa iwe somo lako la pili pembeni ya ualimu, chukua mantiki kwanza, kabla ya mijadala ya kuwepo kwa Mungu. Jipime na hii ya ghalani: korosho zilizolowa hushushwa daraja, gunia hili limeshushwa daraja, basi limelowa. Inaingia akilini, eeh? Mkulima atakucheka: huenda zimeliwa na wadudu, au hazikukomaa. Hoja nyingi za darasani zina tundu hilohilo.

Na usiogope kuiandika hoja ya asiyeamini kwa nguvu zake zote. Thomas Aquinas, mtakatifu wa karne ya 13, alipouliza kama Mungu yupo alianza na pingamizi mbili: uovu uliopo, na kwamba maumbile yanajieleza yenyewe. Njia zake tano za kuonyesha kwamba Mungu yupo zikafuata baadaye. Mimi insha yangu ya kwanza niliiandika kama mahubiri, ikarudi na alama ya kuuliza kila aya. Sasa naanza na upande wa mpinzani, kwa kalamu nyekundu, ndipo najibu.